Kosa la Kuhamahama: Kompyuta Ilivyonisumbua Wakati wa Kukompaili

Kosa la msimbo lina adabu moja: halihami. Ukisahau nukta mkato kwenye mstari wa 212, kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, itakugombeza kuhusu mstari huohuo leo, kesho na mtondogoo, kwenye kompyuta yako na kwenye ya mwenzako. Ninalolieleza hapa ni la aina nyingine kabisa. Linakupiga kwenye faili hili. Unarudia amri ileile bila kugusa chochote, faili hilo linapita salama na kosa linaibukia kwingine. Unarudia tena, kazi inaisha yote bila neno. Ukiona mchezo huo, funga kihariri chako. Humo hamna cha kurekebisha.

Kompyuta yenyewe ni ya mezani: prosesa ya viini 8, RAM ya gigabaiti 32 kwa vipande viwili vya 16, inaendesha Linux. Kazi yangu hunilazimu kukompaili programu kubwa za C++ kuanzia mwanzo, zile za kuandika make -j16, yaani kazi 16 kwa pamoja, halafu unasimama ukanyooshe mgongo. Kwa mengine yote mashine ilikuwa njema. Video zilicheza, vivinjari vilifunguka, hakuna kuganda wala kuzima ghafla. Ila kwenye kukompaili ndiko ilikoanza kunitolea ujumbe ambao wanaoutambua hukunja uso: internal compiler error: Segmentation fault.

Maana yake ni kwamba kompaila yenyewe imeanguka ikiwa kazini. Imejaribu kugusa eneo la kumbukumbu lisilo lake, na kerneli, kiini cha mfumo endeshi, ikaisimamisha kwa ishara namba 11. Kinadharia inawezekana kompaila ina kasoro, na kasoro za GCC, kompaila ninayoitumia, zipo, wala si siri. Lakini kasoro ya kompaila nayo ni programu, kwa hiyo nayo haihami: ukiipa faili lilelile na vigezo vilevile, inaanguka palepale. Kwenye baadhi ya mifumo GCC imewekewa tabia ya kujijaribu upya kabla haijatoa taarifa. Ikianguka inarudia kazi ileile, na kosa lisipojirudia inakuandikia waziwazi kwamba yaelekea tatizo ni la mashine au la mfumo endeshi. Walioandika mstari huo bila shaka walishachoka kupokea ripoti za kasoro ambazo kiini chake ni RAM ya mtu.

Kabla sijaenda mbali, kuna aina moja ya kuanguka ambayo watu wanaichanganya na hii. Ukiona neno Killed na ishara namba 9, usifungue kasha la kompyuta. Hapo kumbukumbu imejaa tu, na kerneli imechagua wa kumtoa. Baadhi ya mafaili ya C++ hula zaidi ya gigabaiti moja kila moja wakati wa kukompailiwa. Ukiyaachilia 16 kwa pamoja kwenye mashine yenye RAM ndogo, hesabu haikubali. Logi ya kerneli itakuandikia Out of memory bila kificho. Punguza namba ya -j, ongeza nafasi ya swap (sehemu ya diski inayosaidia RAM), endelea na maisha. Yangu haikuwa hivyo. RAM ilikuwa imebaki tele.

Swali ambalo kila ninayemsimulia huniuliza ni hili: kwa nini kukompaili, na si video au michezo? Jibu liko kwenye aina ya data. RAM ya gigabaiti 32 ina karibu biti bilioni 275. Tuseme moja kati ya hizo imegeuka, kutoka 1 ikawa 0. Kama ilikuwa sehemu ya picha ya video, nukta moja kwenye skrini itabadilika rangi kidogo kwa sehemu ndogo ya sekunde, na hakuna jicho litakaloiona. Kompaila haina data za kuvumilia namna hiyo. Inageuza msimbo kuwa mti mkubwa wa matawi, na kila tawi linashikamana na jingine kwa kielekezi, yaani namba inayosema "kinachofuata kiko anwani fulani". Biti moja ikigeuka ndani ya namba hiyo, ni tarishi aliyepewa bahasha yenye namba ya nyumba iliyokosewa: anafika, anakuta kiwanja kitupu. Juu ya hilo, kukompaili kunajaza viini vyote vya prosesa, kunazungusha sehemu kubwa ya RAM, kunasoma na kuandika diski bila kupumzika, tena kwa muda mrefu. Programu za namna hiyo kwenye kompyuta ya mtu binafsi si nyingi.

Kwenye logi ya kompyuta ya rafiki yangu niliwahi kuona mstari unaosema segfault at 400000000. Hiyo ni namba ya msingi wa 16, na ukiiandika kwa biti unapata 1 moja peke yake ikifuatwa na sifuri 34. Kielekezi kilichopaswa kuwa sifuri tupu, yaani "hapa hakuna kitu", kimeota biti moja. Kompaila ikaangalia, ikaona si sifuri, ikaamini kuna kitu, ikakifuata. Tangu hapo, nikipewa logi ya mtu huwa naitazama anwani kwanza kabla ya maneno.

Yangu ilijitambulisha kwa njia ya kuchekesha zaidi. Katikati ya kukompaili, badala ya kuanguka, kompaila ikalalamika kwamba haijui jina qize. Nikatafuta kwenye mradi mzima: hakuna qize popote. Nikafungua faili kwenye mstari uliotajwa: size, imeandikwa vizuri, na haijaguswa miaka nenda rudi. Sasa tazama jedwali la ASCII, linaloipa kila herufi namba yake. Herufi s ni 115, kwa biti ni 01110011. Herufi q ni 113, kwa biti ni 01110001. Tofauti ni biti moja tu, ya pili kutoka kulia, iliyokuwa 1 ikaanguka kuwa 0. Sijui programu yoyote ya kawaida yenye kasoro ya kugeuza s kuwa q mara moja moja, pale inapojisikia. Kuanzia dakika ile niliacha kupiga ramli kuhusu matoleo ya GCC.

Ushauri wa kwanza unaopewa ukieleza tatizo la namna hii ni kusakinisha upya mfumo endeshi. Naupinga kwa nguvu zote. Ukiwa na shaka kwamba kumbukumbu inageuza biti, jambo baya kuliko yote ni kuanza kuandika maelfu ya mafaili mapya kwenye diski, kwa sababu kila faili linapita kwenye RAM hiyohiyo kabla ya kutua. Unaweza kumaliza ukiwa na mfumo mpya wenye majeraha mapya, tena yaliyofichika. Ni hivyohivyo kwa nakala rudufu: zisimamishe kwanza, usije ukafunika nakala nzuri ya juzi kwa nakala mbovu ya leo. Mimi nilisimamisha kila kazi inayoandika vitu vya maana, nikaacha zile za majaribio tu.

Nilianzia kwenye logi ya kerneli, ambayo haihitaji bisibisi. Amri journalctl -k -b -1 inaonyesha ya mara ya mwisho kabla ya kuwasha upya, na nilichokuwa nakitafuta ni mistari yenye mce na Hardware Error, yaani taarifa za kosa la kifaa. Prosesa za kisasa zina ulinzi ndani ya kashe zake (kumbukumbu ndogo zilizomo ndani yake), na zikikuta kosa huliandika hapo. Kwa hiyo mistari hiyo ikionekana, macho yanahamia kwenye prosesa, volti zake au ubao mama. Kwangu kulikuwa kweupe. Wengine hufurahia ukimya huo na kusema mashine ni nzima. Mimi niliusoma kinyume. RAM ya kawaida haina namna ya kujua kwamba imekosea. Yenye ECC, yaani mfumo wa kusahihisha makosa, huongeza biti 8 kwa kila biti 64, na kwa hizo inaweza kusahihisha kosa la biti moja na kugundua la biti mbili. Isiyo na ECC inakukabidhi data mbovu kwa ujasiri uleule inaokukabidhi nao data nzuri. Mwaka 2021 Linus Torvalds, mwanzilishi wa kerneli ya Linux, alilalamika hadharani kuhusu namna Intel ilivyoiweka ECC mbali na kompyuta za watu wa kawaida. Nikikumbuka qize, namwelewa.

Joto nalo nililipitia, ingawa kwa haraka. Niliacha programu ya sensors ikiandika vipimo vya joto wakati make inaendelea, na prosesa ilikaa chini ya kikomo chake. Watu wengi bado wanaamini prosesa ikipata joto inaanza kukosea hesabu. Za siku hizi zikikaribia kikomo, ambacho kwa nyingi ni kati ya nyuzi 95 na 100 za Selsiasi, hupunguza kasi zenyewe, na zikizidi zaidi huizima mashine. Kwa hiyo joto la prosesa peke yake mara nyingi linakupa uzito au kuzima ghafla, si qize. Ila kasha lina vitu vingine vinavyopata joto, na hilo nililiona baadaye.

Kisha nikaiachia Memtest86+ usiku kucha. Hii ni programu inayojiwasha yenyewe bila mfumo endeshi na kuandika mifumo mbalimbali ya biti kwenye RAM nzima, ikisoma tena kuona kama zilizoandikwa ndizo zilizopo. Asubuhi nikakuta duru kadhaa zimekamilika na kosa hakuna hata moja. Nikawasha Linux, nikaanza kukompaili, na kabla kazi haijafika nusu, signal 11.

Hapo ndipo wengi wanapoiondolea RAM lawama na kwenda kununua ubao mama. Jaribio likikuta kosa, amini. Kosa moja tu kwenye Memtest linatosha, hata kama limetokea saa ya sita. Jaribio likikosa kosa, umejua tu kwamba kosa halikutokea katika hali ile. Na hali ya usiku ule ilikuwa ya raha: kadi ya michoro imelala, diski imelala, prosesa haisukumwi kama inavyosukumwa na make -j16, hewa ndani ya kasha ni ya baridi.

Nikajaribu make -j1. Ilichukua muda mrefu wa kukera, lakini ilikamilika, na niliporudia ikakamilika tena. Nikarudi -j16, ikaanguka. Hapa nitie angalizo, maana kuna anayeweza kusema kosa liko kwenye Makefile, faili la maagizo ya make. Ni kweli kwamba Makefile isiyotaja mategemeo yake vizuri hufanya kazi kwa -j1 na kugoma ikienda sambamba. Lakini yenyewe hugoma kwa kusema faili fulani halipo, kwa sababu kazi moja imeitangulia nyingine. Haiangushi kompaila kwa ishara namba 11.

Jambo la kwanza nililobadilisha kwenye mashine lilikuwa profaili ya XMP ndani ya BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine): niliizima. RAM ya DDR4 kwa kiwango cha kawaida hutumia volti 1.2, profaili ya XMP huisukuma kwenye kasi kubwa zaidi, mara nyingi kwa volti 1.35. Kasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi la RAM kwa kawaida ni hiyo ya kusukumwa, na uwezo wa kuifikia hautegemei RAM peke yake, bali pia kidhibiti cha kumbukumbu kilichomo ndani ya prosesa na ubora wa ubao mama. Kwa DDR5 upande wa AMD jambo hilohilo linaitwa EXPO. Kuizima ni bure, hakuhitaji kifaa chochote, na kwa maoni yangu ndilo jambo la kufanya kabla hata ya Memtest. Kwangu makosa yalipungua sana. Yalipungua, hayakuisha, na tofauti hiyo ina uzito wake: kama profaili ndiyo ingekuwa tatizo zima, yangekoma kabisa kwenye kiwango cha kawaida.

Basi nikafungua kasha. Kompyuta imezimwa, waya wa umeme umechomolewa, mkono umegusa chuma cha kasha kwanza ili umeme tuli usiruke kwenye vifaa. Nikachomoa vipande vyote viwili, nikafuta meno yake ya dhahabu kwa kitambaa laini chenye spiriti, nikavirudisha mpaka vishikizo viliposema "tak". Nilifanya hivyo kwa sababu kipande kisichokaa sawasawa huleta dalili zilezile, na ni aibu kurudisha RAM dukani kwa kosa la vumbi. Makosa yakaendelea.

Kutoka hapo ikawa kazi ya uvumilivu: kipande kimoja peke yake kwenye sloti moja, kukompaili mfululizo, kisha kipande kingine kwenye sloti ileile. Kipande cha kwanza kilifanya kazi mpaka nikachoka kukitazama. Cha pili kilianguka. Nikahamisha kibovu kwenye sloti nyingine, kikaanguka humo pia. Nikaweka kizima kwenye sloti hiyo nyingine, kikapita. Hatua hii ya kubadilishana watu wengi huiruka, na bila hiyo huwezi kujua kama mbaya ni RAM au sloti. Badilisha kitu kimoja kwa wakati. Ukibadilisha viwili na tatizo likaisha, umepona bila kujua dawa.

Nilikuwa na jibu la kunitosha mimi, lakini nilitaka nione kwa macho. Nikarudisha vipande vyote viwili, nikaikompailisha mashine mpaka kasha lote likawa la moto, pamoja na kazi ya kuichosha kadi ya michoro, ambayo hutoa hewa yake ya joto karibu kabisa na sloti za RAM. Kisha bila kuipumzisha nikaiwasha upya moja kwa moja kwenye Memtest86+, safari hii nikiwa nimechagua itumie viini vyote sambamba. Haikuchukua muda. Mistari myekundu ikaanza kushuka: anwani, kilichotarajiwa, kilichokutwa. Kilichotarajiwa kilikuwa ffffffff. Kilichokutwa kilikuwa fffffffd. Herufi d kwa biti ni 1101. Biti ya pili kutoka kulia, imeanguka kutoka 1 kuwa 0, sawasawa na s ilivyokuwa q. Nilipiga picha kwa simu, na sitaficha kwamba nilitabasamu peke yangu.

Maelezo ya tabia ile yanapatikana kwenye umbo la RAM yenyewe. Kila biti ni chaji ndogo iliyohifadhiwa kwenye kapasita, na chaji hiyo inavuja muda wote. Ndiyo maana kumbukumbu yote lazima ihuishwe tena na tena; kwa DDR4 kila safu hupata zamu yake ndani ya milisekunde 64. Joto linaharakisha kuvuja, na kiwango chenyewe kinalitambua hilo: chipu zikipita nyuzi 85, muda wa kuhuishwa unapaswa kukatwa nusu. Chembe dhaifu, iliyotengenezwa na kasoro kidogo, inaweza kushika chaji yake vizuri ikiwa baridi na kuipoteza kabla ya zamu yake ikiwa moto. Memtest ya usiku iliikuta ikiwa baridi. Kompaila iliikuta ikiwa moto.

Niliporudisha kipande kile dukani, fundi wao alikichomeka kwenye mashine iliyokuwa imezimwa tangu asubuhi, akakipima dakika chache, akaniambia, "Hiki kizima, kaka." Sikubishana. Nilimwonyesha picha za skrini, nikamwomba awashe kitu kizito kwanza mpaka mashine ipate moto ndipo apime. Alikubali kwa shingo upande, akarudi baadaye na boksi jipya mkononi. Kwa hiyo weka ushahidi: picha ya skrini ya Memtest yenye anwani na biti, mistari ya logi, na maelezo mafupi ya hali ambayo kosa linatokea. Maneno "inaanguka nikikompaili" kwa muuzaji ni kelele tu.

Kubadilisha RAM hakukumaliza kazi, na hii ndiyo sehemu ambayo sikuiona ikielezwa vya kutosha kokote. Mashine ilikuwa imeandika data kwa muda kupitia kumbukumbu mbovu. Yaliyoanguka yalionekana, yaliyopita kimyakimya je? Nilianza na yale rahisi kutupa. Mafaili yote ya .o, yaani matokeo ya kukompaili kila faili, yalifutwa, na hifadhi ya ccache niliimwaga yote kwa ccache -C. Hii ya pili ni hatari hasa, kwa sababu ccache huhifadhi matokeo ya kukompaili ili isirudie kazi; ikihifadhi tokeo bovu, itakupa ubovu uleule kila mara, na kosa lililokuwa likihama litatulia mahali pamoja na kujifanya kosa la msimbo. Unaona ilivyo? Kipimo changu cha mwanzo kingenidanganya.

Kisha git fsck --full kwenye kila hazina ya msimbo. Git, programu ya kutunza historia ya msimbo, huhesabu alama ya uhakiki ya kila kitu inachohifadhi, kwa hiyo kitu kilichoharibika baada ya kuhesabiwa kinajulikana mara moja. Hazina moja ilikuwa na kitu kimoja kibovu, nikaichota upya. Vifurushi vya mfumo nilivikagua kwa debsums. Wenye mifumo ya RPM wana rpm -Va. Kwa mafaili makubwa niliyokuwa nimeyapakua, nililinganisha alama za SHA-256 na zile zilizochapishwa na wenyewe.

Kuhusu alama hizo, kuna kituko nilichokiona kabla sijapata kipande kibovu. Faili moja lilikuwa na alama isiyolingana, nikaandika 3 kwenye /proc/sys/vm/drop_caches ili RAM imwage nakala za mafaili, nikapima tena, ikalingana. Kwenye diski faili lilikuwa zima wakati wote. Kerneli huweka nakala ya mafaili yaliyosomwa karibuni ndani ya RAM ili isirudi kwenye diski, na nakala ile ndiyo iliyokuwa imeharibika. Ningelifuta na kulipakua upya, ningeamini intaneti yangu ndiyo mbovu.

Si kila mashine inayoanguka kwenye kukompaili ina RAM mbovu, na nisingependa mtu aanze kuchomoa vipande kwa sababu yangu. Ikizima ghafla kama taa, bila ujumbe, na logi inakatika katikati ya sentensi, natazama pawa saplai kwanza, na baada yake joto na feni. Njia ya volti 12 inaruhusiwa kupotoka asilimia 5, yaani kati ya 11.4 na 12.6, viini vyote vinapoamka kwa pamoja ndipo pawa saplai iliyochoka inaposhuka chini ya hapo. Laptopu iliyojaa vumbi inakuwa nzito kwanza, kisha inazima.

Na prosesa yenyewe inaweza kuwa mbovu, hata ikiwa mpya na ya kampuni kubwa. Mwaka 2017 watumiaji wa Linux waligundua kwamba baadhi ya prosesa za kwanza za Ryzen huangusha kompaila kwa signal 11 zikipewa kazi nyingi za kukompaili kwa pamoja. AMD ilikiri mwezi Agosti mwaka huo na kuwabadilishia walioathirika. Mwaka 2024 ikawa zamu ya Intel: prosesa za mezani za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zikiharibika pole pole kwa sababu ya volti zilizozidi, kampuni ikatoa maikrokodi (maagizo ya ndani ya prosesa) ya kurekebisha na kuongeza waranti kwa miaka miwili. Maikrokodi huzuia uharibifu usiendelee. Haifufui prosesa iliyokwisha kuumia. Mwenye prosesa ya kundi hilo akikutana na kosa la kuhamahama, asasishe BIOS, ambamo maikrokodi hiyo huja, kwanza kabla ya kushika bisibisi.

RAM mpya iko ndani sasa. XMP sijaiwasha tena; kwa kazi zangu tofauti ya muda wa kukompaili ni ndogo mno kuniliwaza nikija kukutana na qize nyingine. Kipimo ninachokitumia kabla ya kuiamini mashine, yangu au ya mtu mwingine, si cha dukani. Naichosha mpaka ipate moto, kisha nakompaili mradi mkubwa mara mbili kwenye folda ileile, ccache ikiwa imezimwa na tarehe imefungwa kwa SOURCE_DATE_EPOCH ili isiingie kwenye matokeo kwa njia mbili tofauti. Mwishoni napiga sha256sum kwa kila faili lililotoka na kuzilinganisha orodha mbili kwa diff. Mradi uwe ni ule unaojulikana kutoa matokeo yaleyale kila mara, la sivyo utafukuza kivuli. Diff ikirudi tupu, yaani hakuna tofauti, naanza kazi.